Walimu 40, shule 40 ndani ya ua mmoja

Chukua mtoto wa Senior 2, mwaka wa pili wa sekondari, katika shule yoyote ya huku kwetu mashariki mwa Uganda, Tororo, Busia au hata ukapanda mpaka Mbale, mkae naye chini ya mwembe umuulize leo shuleni ilikuwaje. Hatakutajia masomo, atakutajia watu. Masta wa jografia hataki kuona wino mwekundu kwenye daftari, madamu wa baiolojia usipopiga mstari mwekundu anakurudishia kazi bila kuisoma, masta wa hesabu ukimuuliza swali anafurahi mpaka anasahau kengele, wa historia ukimuuliza anasema unampima, wa Kiingereza hapokei kazi iliyochelewa hata dakika, wa CRE, yaani dini ya Kikristo, anapokea hata ya mwezi uliopita kwa sababu eti Mungu ni wa rehema. Senior 1 na 2 sai wana masomo 12, kwa hiyo hizo ni serikali 12 na kila moja ina katiba yake, na mtoto anahama serikali kila kengele ikilia. Nusu ya akili yake inakwenda kukariri tabia za watu wazima. Inayobaki ndiyo anasomea.

Mimi nafundisha Kiswahili, na kabla hamjaanza kunisahihisha, hapa naandika kama ninavyoongea stafurumu, chumba chetu cha walimu, wakati wa chai. Miaka yote hii nimesikia mazungumzo ya kuboresha shule na karibu kila mara yanaishia kwenye vitu vya kuonekana, bweni jipya, maabara, basi lenye jina la shule ubavuni, geti la kisasa. Sisemi ni bure, maabara inatakiwa na mwalimu mwenye njaa hafundishi. Lakini nimeona shule ikipata vyote hivyo na matokeo yakabaki pale pale, na sababu naiona kila siku kwa macho: walimu 40 wanaingia geti moja asubuhi, wanasaini kitabu kimoja, wanakunywa chai ya birika moja, halafu kila mmoja anakwenda kuendesha shule yake mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Sisi tunajuana kwa madeni, tunajua nani amechukua mkopo SACCO na mtoto wa nani yuko hospitali, ila ukiniuliza masta wa fizikia, ambaye meza yake imegusana na yangu mwaka wa nne huu, huwa anaanzaje somo lake, sijui. Yaani sijui kabisa.

Tuwe wakweli, shida hii ilionekana zamani. UPE, elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza 1997 wanafunzi wa msingi walitoka karibu milioni 3 wakapita milioni 5 kwa mwaka mmoja tu, wengine wakasomea chini ya miti, na miaka hiyo hiyo ya 1990 mpango wa kuwaendeleza walimu, TDMS, ndio ulituletea wale CCT, mkufunzi anayetoka chuo cha ualimu anazungukia shule za eneo lake, anakaa nyuma ya darasa, anakusaidia pale ulipokwama. Wazo zuri sana hilo. Shida ni kwamba sisi walimu wa nchi hii mtu akikaa nyuma ya darasa na kalamu hatujui kumuita kitu kingine isipokuwa inspekta. CCT akionekana tu kwenye njia, mtoto anatumwa mbio darasa kwa darasa kunong'ona "amefika", na lesoni plani za wiki tatu zinaandikwa kwa dakika 10.

Upande wa sekondari ukaja mpango wa SESEMAT mwaka 2005 kwa msaada wa Wajapani wa shirika lao la JICA, ukifuata nyayo za jirani zetu Wakenya ambao mpango wao wa namna hiyo, SMASSE, ulianza 1998, na walimu wa sayansi na hesabu wakafundishwa kupanga somo ambalo mtoto anafanya kitu kwa mikono yake, vifaa visipokuwepo unatumia chupa ya maji na mrija wa soda. Waliopitia huko wanausifu mpaka leo. Lakini semina ni semina. Unamtoa mwalimu mmoja wawili kwa shule, wanarudi na faili, wanaingia madarasani mwao, wanafunga mlango, na siku mmoja akipata uhamisho anahama na alichojifunza. Wajapani kwao wana kitu wanaita jugyō kenkyū, yaani kuchunguza somo, na wamekuwa nacho zaidi ya miaka 100: walimu wa shule moja wanapanga somo moja pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanasimama kandokando ya kuta wakiwatazama watoto, watoto siyo mwalimu, halafu jioni wanakaa wanalijadili lile somo kama mafundi wanaojadili injini. Hiyo tabia ya kusimama kandokando ya ukuta ndiyo ngumu kuileta kwa ndege.

Juzi juzi tumeletewa TELA, simu inayorekodi mwalimu amefika saa ngapi na ametoka saa ngapi. Sina ugomvi nayo, utoro ulikuwepo na upo. Ila ile simu inajua tu kwamba nimefika.

Basi nilichokuwa nafanya baada ya kufika, kwa miaka mingi, ni hiki. "Kitabu, wingi wake ni vita...?" Darasa zima: "BUUU!" "Kiti, wingi wake ni vi...?" "TIII!" "Tumeelewana?" "Ndiyo mwalimuuu!" Kila aliyesoma Uganda anaujua wimbo huu, mwalimu anameza silabi ya mwisho na darasa linaitema. Kwenye sayansi ni hivyo hivyo, kwenye SST, maarifa ya jamii ya msingi, ndiyo usiseme. Sauti inatoka tamu, hedimasta akipita dirishani anatikisa kichwa kwa furaha, na mtoto ambaye hajui kitu anafungua mdomo na wenzake kama mtu asiyejua maneno ya wimbo kanisani. Nilikuwa na watoto 90 na kitu wanaoimba "buuu" na nikija kusahihisha pepa nakuta "makitabu". Na siwalaumu. Wengi wao shule ya msingi walivalishwa diski shingoni kwa kosa la kuongea lugha za kwao, Dhopadhola au Ateso, uani, walijifunza mapema kwamba kuongea peke yako kuna hatari na kuongea na kundi ni salama.

Katika shule niliyopo sasa mambo yalianza na watu sita, na hayakuanza kwa semina wala kwa barua ya wizara. Yalianza kwa malalamiko ya chai, ati watoto wa siku hizi hawashiki kitu, unafundisha Jumatatu Alhamisi wamesahau. Madamu wa kemia ndiye aliuliza, sasa kati yetu nani huwa anawauliza tena Alhamisi yale ya Jumatatu? Kimya. Tukakubaliana mambo matatu tu. Dakika tano za mwanzo daftari zote zimefungwa na mwalimu anauliza ya jana na ya wiki iliyopita. Pili, hakuna kuimba, uliza swali, nyamaza, hesabu mpaka tano kichwani, ndipo utaje jina la mtoto, na ukitaja jina kwanza umeharibu kwa sababu 89 wengine wanapumzika hapo hapo. Tatu, kabla ya kengele kila mtoto anaandika sentensi moja kwenye kipande cha karatasi, ameelewa nini au amekwama wapi, na mwalimu anachomoa kama 10 hivi anazisoma. Siyo 90. Atakayekuambia anasoma zote 90 anakudanganya.

Hakuna jipya hapo. Mmarekani mmoja, Barak Rosenshine, mwaka 2012 aliziweka pamoja kanuni 10 za ufundishaji kutokana na utafiti wa miaka mingi, na ya kwanza kabisa ni kuanza somo kwa marudio mafupi ya yaliyopita. Ustadhi wa madrasa yoyote pale Bombo angekuambia hivyo hivyo bila kwenda Marekani, anayefundisha kuhifadhi hawezi kusogea aya mpya kabla hajasikia ya jana. Kwa hiyo nguvu haiko kwenye kanuni yenyewe, na hapa ndipo nadhani watu wengi wanakosea, wanatafuta kanuni nzuri zaidi. Nilishawahi kujaribu peke yangu kuwafungisha watoto daftari, miaka ya nyuma, wakaniona masta mwenye mambo yake, wakanivumilia kama wanavyomvumilia yule wa wino mwekundu. Safari hii wiki ya tatu nilifika mlangoni nikakuta daftari zimeshafungwa. Sikuwa nimesema kitu. Kemia ilikuwa imetoka, hesabu ilikuwa imetoka, wote walikuwa wamefanya vile vile, na kwa watoto haikuwa tena tabia ya masta fulani bali ndivyo shule inavyoenda. Ule muda waliokuwa wanautumia kunisoma mimi wakautumia kwa ngeli.

Kuna wanaosema kanuni za pamoja zinamfanya mwalimu kuwa mashine, na si hoja ya kupuuza, shairi halifundishwi kama titresheni ya kemia. Sisi kila mtu alifanya kwa namna yake, masta wa hesabu maswali yake ya mwanzo ni mahesabu matatu ubaoni, mimi nawataka wamalizie methali au warekebishe sentensi mbovu niliyoisikia kwenye taxi. Mlango ni mmoja, ndani kila mtu na nyumba yake. Lakini hatari ipo na nimeiona, tena vibaya.

Shule niliyofundisha kabla ya hii tulianza kitu kinachofanana. Uongozi ukasikia, ukapenda, na hapo ndipo tulipokufa. Ndani ya wiki mbili yale makubaliano yetu yalikuwa yamechapwa, yamewekwa plastiki, yamebandikwa kila darasa, na naibu akaanza kupita na fomu yenye viboksi, akaweka tiki, na maksi za tiki zikaanza kutajwa wakati wa kuamua nani mkataba wake wa PTA, chama cha wazazi na walimu, unaongezwa. Unajua walimu walifanya nini? Waliwafundisha watoto kwamba mgeni akiingia nikauliza swali, wote nyosheni mikono, anayejua anyoshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Darasa linakuwa msitu wa mikono, mwalimu anachagua wa kulia tu, naibu anatoka ameridhika. Kufikia mwisho wa muhula hata sisi tulioanzisha tulikuwa tunalichukia lile karatasi.

Kwa hiyo hapa sheria yetu moja ni kwamba anayeingia darasani kwa mwenzake haji na fomu, anakuja na karatasi tupu, na akimaliza ile karatasi anaiacha kwa aliyefundisha. Haiendi kwa DOS, yule msimamizi wa masomo, haiendi kwa hedi. Hedi wetu alichukua muda kukubali, alidhani tunaficha kitu, na kwa kweli tulikuwa tunaficha, tulikuwa tunaficha makosa yetu mpaka tupate ujasiri wa kuyarekebisha.

Siku yangu ya kwanza kuangaliwa nilifanya uhuni. Nilijua madamu wa kemia anakuja kipindi cha tatu nikaacha mada niliyokuwa nayo nikatoa somo langu zuri, lile la methali na vichekesho, kila mwalimu ana somo la namna hiyo alilolitunza kama suti ya harusi. Watoto walicheka, mimi nikajiona. Baada ya somo madamu akanipa karatasi lake. Alikuwa amechora mpangilio wa madawati na kuweka nukta kila mtoto aliyejibu. Nukta zote zilikuwa mbele upande wa dirisha, kwa watoto watatu. Kule nyuma kulia, safu nzima, hakukuwa na nukta hata moja. Akaniambia tu, "Masta, wale wa nyuma unawajua majina?" Nilikuwa nawajua wawili. Sikuwahi kupata semina iliyonifundisha zaidi ya swali lile, na halikugharimu hata posho ya usafiri.

Kuna jambo moja limetusukuma tukae pamoja hata wale wasiopenda, nalo ni mtaala mpya. Ulianza Senior 1 Februari 2020, mwezi uliofuata shule zikafungwa kwa korona na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, yaani mwalimu alipewa mtaala akanyang'anywa darasa. Watoto wa kwanza wakafanya UCE, mtihani wa Senior 4, mwaka 2024, na humo asilimia 20 inatoka shuleni, asilimia 80 UNEB, baraza la mitihani. Hiyo 20 inatokana na zile AOI, kazi za kutumia walichojifunza, na projekti ambazo sisi wenyewe tunazipa alama kwa kipimo cha mpaka 3. Sasa jaribu hivi: chukua kazi moja ya mtoto, itoe kopi, wape walimu wanne wa somo hilo hilo waipe alama bila kuonana. Tulifanya. Kazi moja ilipata 1 kwa mmoja na 3 kwa mwingine, na yule wa 3 alikuwa na sababu nzuri tu, aliangalia wazo la mtoto, mwenzake aliangalia mpangilio. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ule ubishi ndio kazi ya mwalimu hasa, naona kuliko hata kusahihisha, kwa sababu mpaka tukubaliane kazi nzuri inafananaje mtoto atakuwa anabahatisha mtu wa kusahihisha badala ya kujifunza kuandika.

Sasa tuje kwenye pesa maana najua mnaningojea hapo. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii alipandishwa mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa atsi, yaani masomo yasiyo ya sayansi, wenye digrii ile ile tukabaki na milioni moja na kitu, tukagoma Juni, tukarudi. Mwezi uliofuata, Julai, baraza la mawaziri likakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, nikapigiwa simu za pongezi na shemeji zangu kana kwamba mimi ndiye nimeteuliwa waziri, hela ikabaki vile vile. Nina maslahi hapa, sifichi. Ila acha haki yangu pembeni, angalia stafurumu ilivyokuwa baada ya hapo: meza za sayansi upande huu, sisi upande ule, na mtu wa milioni 4 akikushauri namna ya kufundisha moyo unasema mbona wewe ndiye unayelipwa kufikiri. Mtu aliyepanga mishahara ile sidhani alikaa akajiuliza nani atakaa na nani baada ya kengele. Ajabu ni kwamba sita wetu ni watatu wa sayansi na watatu wa atsi, na nadhani iliwezekana kwa sababu madamu wa kemia alianza kwa kuuliza swali, hakuanza kwa kutufundisha.

Na pesa nyingine inayotuua ni ile ya distinksheni, shule inamlipa mwalimu kwa kila mtoto aliyepata alama ya juu kwenye somo lake. Inaonekana ya haki. Lakini ukiwa na strimu mbili, yaani madarasa mawili ya mwaka mmoja, East ya kwangu na West ya mwenzangu, kwa nini nimpe noti zangu? Nimeona mwalimu anafungia pamfleti kwenye droo na kufuli.

Sisi wa Kiswahili tuna lingine la peke yetu, katika shule nyingi uko mmoja tu, idara ni wewe, mkuu wa idara ni wewe, mkutano wa idara unafanya na kikombe. Ndiyo maana tuna makundi ya WhatsApp ya walimu wa Kiswahili, na yanasaidia, nimepata skimu nzima ya Senior 3 humo usiku wa manane. Lakini asilimia kubwa ya meseji ni michango ya msiba, "Amina", na mtu anayeuza pepa za kubashiri. Na simu haiwezi kuona ile safu ya nyuma kulia. Kilichonisaidia mimi ni kugundua kwamba anayenitazama hahitaji kujua Kiswahili, madamu wa kemia haelewi ngeli hata moja.

Kinachobaki kigumu ni muda, na sina dawa yake. Nusu ya walimu wetu wanafanya pati-taimu, Jumatatu mpaka Jumatano hapa, Alhamisi na Ijumaa shule nyingine ng'ambo ya mji, boda inamsubiri nje ya geti kengele ya mwisho haijalia, na huwezi kumwambia huyo abaki saa moja ajadili somo la mwenzake bure wakati saa hiyo ndiyo karo ya mtoto wake. Anayemuita mvivu hajawahi kuona orodha yake ya siku. Tulichoomba ni kipindi cha Jumatano alasiri, wakati watoto wako kwenye michezo na klabu, kihesabiwe ndani ya mzigo wa mwalimu kama vipindi vingine, na chakula kiwepo. DOS alituuliza nani analipia chakula. Mhasibu akapiga hesabu ya posho na maharage ya watu 40, akakuna kichwa, akasema wiki moja moja inaweza kuvumilika, kila wiki hapana. Kwa hiyo kwenye ratiba ya muhula huu kuna kipindi kimeandikwa kwa penseli, Jumatano moja ndiyo moja hapana. Zamu ya kwanza ni ya yule masta wa fizikia wa meza ya jirani. Ameshaniambia hatafundisha somo lake zuri.